Rangi Iling'aa, Makombora Yakapotea Baharini

Mwaka 1899 manowari 5 za Marekani zilipangwa kwa zamu kupiga shabaha. Shabaha yenyewe ilikuwa meli kuukuu ya taa, umbali wa yadi 1,600, yaani karibu kilomita moja na nusu. Kila manowari ilipewa dakika 5. Baada ya dakika 25 za moshi na kishindo, ilionekana kwamba makombora 2 tu ndiyo yaliyofika, nayo yalikuwa yametoboa matanga. Miaka 6 baadaye, kwa umbali uleule, mpiga mizinga mmoja wa jeshi hilohilo alipiga shabaha mara 15 katika dakika moja. Shabaha hiyo ilikuwa na upana wa futi 75 na kimo cha futi 25, na nusu ya makombora yake iliingia katika mraba wa inchi 50 uliochorwa katikati.

Kilichobadilika kati ya siku hizo mbili ni namna ya kulenga. Namna hiyo ilianzia kwa afisa mmoja wa Jeshi la Majini la Uingereza, Percy Scott, aliyezaliwa London mwaka 1853 na kuingia jeshini mwaka 1866 akiwa mvulana wa miaka 13. Alianza kazi enzi za milingoti na matanga, akaimaliza enzi za nyambizi na ndege. Katikati ya enzi hizo mbili alijishughulisha na swali moja tu: kwa nini serikali itumie fedha nyingi hivyo kujenga meli za kubebea mizinga, kisha mizinga hiyo isipige kitu?

Nimeichukua habari yake kwa sababu inatuhusu sisi tunaofuatilia miradi ya maji, barabara, shule na umeme. Mara nyingi tunapoona mradi umekwama tunatafuta fedha zilizopotea, au mtaalamu aliyedanganya, au wananchi waliokataa. Maisha ya Scott yanaonyesha mkwamo wa namna nyingine, ulio mgumu kuugundua. Jambo jema lilikuwepo, likathibitishwa kwa tarakimu mbele ya watu wazima, na bado likakaa miaka bila kutekelezwa kwa sababu waliokuwa na mamlaka walikuwa wakipima kitu kingine.

Kitu hicho kilikuwa rangi. Katika miaka ya 1880 na 1890 afisa aliyetaka kupanda cheo katika manowari za Uingereza alihakikisha kwanza kwamba meli yake inang'aa. Admirali alipokuja kukagua, aliona sitaha zilizosuguliwa, shaba iliyopigwa msasa, rangi isiyo na doa. Wapo maafisa waliotoa fedha zao wenyewe mfukoni kununua rangi ya ziada na nakshi za dhahabu. Mazoezi ya mizinga yalikuwa adui wa mambo hayo yote, maana moshi wa baruti huchafua. Kwa hiyo mazoezi yalifanywa haraka, kwa kutimiza wajibu tu, na Scott mwenyewe ameandika kwamba yalikuwepo makombora ya mazoezi yaliyotupwa baharini ili yahesabike kuwa yametumika.

Ni rahisi kuwalaumu watu hao, lakini tuwatendee haki. Kwa miongo mingi meli zao hazikuwa zimepigana vita vikubwa vya baharini. Afisa aliweza kuanza kazi akiwa mtoto na kustaafu akiwa mzee bila kumwona adui. Ukaguzi wa admirali, kwa upande mwingine, ulikuja kila mwaka, na katika ukaguzi huo rangi ilionekana papo hapo lakini ulengaji haukuonekana. Walifanya kile ambacho mfumo ulikipa thawabu. Mkandarasi anayejua kwamba mkaguzi atahesabu vyumba vya madarasa wala hatauliza watoto wamejifunza nini atajenga vyumba, na sioni haki ya kumlaumu yeye peke yake.

Scott alisomea mizinga katika chuo cha HMS Excellent kule Portsmouth, na hata huko alianza na mradi. Chuo wakati huo kilikuwa ndani ya meli kuukuu zilizotia nanga bandarini. Karibu yake palikuwa na kisiwa cha tope, Whale Island, kilichokuzwa kwa udongo uliochimbwa na wafungwa wakati wa kupanua gati. Scott alichora mpango wa kukikausha kisiwa hicho na kukifanya chuo cha nchi kavu. Mwaka 1891 chuo kilihamia huko. Ninalitaja jambo hili kwa haraka, lakini lina maana: mtu huyu hakuwa mlalamikaji wa barazani. Alijua kuchora ramani, kutafuta vibarua na kungoja miaka.

Mwaka 1896 alipewa manowari yake, HMS Scylla, katika Bahari ya Mediterania. Wastani wa shabaha katika jeshi zima wakati huo ulikuwa kama thuluthi moja: makombora 10 yakipigwa, 3 yanapata. Tatizo lilikuwa bahari yenyewe. Meli inapokwenda mrama, mzinga huinuka na kushuka pamoja nayo. Mpigaji alifundishwa kuufunga mzinga katika mwinuko fulani, kisha angoje meli ilale mpaka shabaha ipite mbele ya jicho lake, na wakati huo avute kamba. Kama mkono wake ulichelewa hata kidogo, kombora lilipita juu au lilizama njiani. Kila mtu aliamini kwamba hali hiyo ni majaliwa ya bahari, na hakuna awezaye kubishana na mawimbi.

Mwaka 1898 Scott alikuwa akitazama watu wake wakipiga siku ya mawimbi makubwa. Wote walikuwa wakikosa, isipokuwa mmoja. Scott akaacha kuwatazama waliokosa, akasimama kumtazama yule aliyekuwa akipata. Akaona kwamba mtu huyo, bila kufundishwa na yeyote na pengine bila kujua, alikuwa akizungusha gurudumu la kuinulia mzinga mbele na nyuma kwa kufuata mwendo wa meli, hivi kwamba jicho lake halikuondoka kwenye shabaha kwa muda mrefu. Alikuwa halengi kisha kungoja. Alikuwa analenga mfululizo.

Hapo ndipo ninapomheshimu Scott kuliko mahali pengine popote. Kiongozi wa kawaida angempa baharia yule sifa, akaandika kwenye ripoti kwamba tunao baadhi ya watu wenye kipaji, akaendelea na shughuli zake. Scott aliuliza kitu gani kinawazuia wengine kufanya vilevile, na akagundua kwamba jibu lilikuwa katika vifaa walivyokabidhiwa, wala halikuwa katika damu yao. Gurudumu la kuinulia mzinga lilikuwa zito na la polepole. Akabadilisha uwiano wa meno yake ili mtu mmoja aweze kuuinua na kuushusha mzinga kwa kasi ya meli. Darubini za kulengea zilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, lakini zilifungwa kwenye bomba la mzinga lenyewe, na mzinga uliporudi nyuma darubini ilimgonga mpigaji jichoni. Hakuna mwenye akili atakayeweka jicho lake hapo, kwa hiyo watu hawakuzitumia, na makao makuu yakaamini kwamba mabaharia hawapendi darubini. Scott akaihamishia darubini mahali pasiporudi nyuma.

Kisha akatengeneza njia ya kufanya mazoezi bila kumaliza baruti. Aliweka bomba dogo la bunduki ndani ya mzinga, na mbele yake shabaha ndogo. Alibuni pia kifaa kilichokuwa na kadi inayopanda na kushuka mbele ya mpigaji kama vile shabaha inavyoonekana kutoka kwenye meli inayoyumba. Mpigaji alipovuta kamba, kalamu iliweka nukta kwenye kadi. Mwisho wa zoezi kila mtu aliziona nukta zake mwenyewe, na hakuhitaji afisa amwambie amefanya vizuri au vibaya. Mazoezi yakawa ya kila siku, na watu wakaanza kushindana. Mwaka 1899 Scylla ilipopiga shabaha ya mashindano, asilimia 80 ya makombora yake yalipata.

Mtu angetarajia kwamba siku iliyofuata jeshi zima lingeuliza amefanyaje. Wengi waliuliza kama kweli amefanya. Matokeo yaliyo juu sana huleta mashaka, na pale ambapo wastani umekubaliwa na wote kuwa jambo la kawaida, anayeuvuka anaonekana kuwa na hila.

Kabla ubishi huo haujaisha, Scott alikuwa amehamishiwa HMS Terrible, na Oktoba 1899 meli hiyo ikafika Simon's Town karibu na Cape Town, siku chache baada ya vita vya Waingereza na Makaburu kuanza. Makaburu walikuwa na mizinga mikubwa ya Kifaransa iliyopiga mbali kuliko mizinga ya nchi kavu ya Waingereza. Manowari zilikuwa na mizinga yenye kufika mbali, lakini haikuwa na magurudumu wala fremu ya kuivuta porini. Scott alichora fremu za mbao nzito na vyuma vilivyopatikana palepale bandarini, mafundi wa gati wakafanya kazi usiku na mchana, na katika muda wa siku chache tu mizinga ya inchi 4.7 na ile midogo zaidi ikawa tayari. HMS Powerful iliichukua hadi Durban, treni ikaimalizia safari, na tarehe 30 Oktoba mabaharia wakaingia Ladysmith nayo. Siku tatu baadaye mji ukazingirwa. Mizinga ile ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowazuia Makaburu kuusogelea mpaka mzingiro ulipovunjwa tarehe 28 Februari 1900.

Tazama tofauti. Mradi wa fremu za Simon's Town ulikamilika kwa siku, ilhali mradi wa kulenga ungechukua miaka. Mtu ni yuleyule, jeshi ni lilelile. Ninavyoona mimi, sababu ni kwamba kule Cape mwenye shida, mwenye kuamua na mwenye nyundo walikuwa mahali pamoja, na matokeo yangeonekana juma lilelile. Kazi ya kulenga ilipaswa kupita kwenye meza za watu ambao hawangeumia kama ingecheleweshwa.

Terrible ikaendelea hadi China. Huko shabaha ilirudi kwenye kiwango cha Scylla, safari hii kwa mizinga mizito ya inchi 6. Mwaka 1901 baharia mwenye cheo cha chini, Grounds, alipiga makombora 8 katika dakika moja, na yote 8 yakapata. Na huko huko China Scott alikutana na luteni wa Kimarekani, William Sims, aliyeona kila kitu kwa macho yake, akabadilisha mizinga ya meli yake kwa kufuata mfano huo, akaanza kuandika ripoti kwenda Washington. Aliandika ripoti 13 katika miaka 2, zenye tarakimu za Scylla, za Terrible na za Wamarekani wenyewe.

Mwanzoni hakujibiwa. Ripoti ziliwekwa kwenye kabati na kusahauliwa. Alipozidi kusumbua, na alipoanza kuwatumia maafisa wengine nakala, ofisi iliyohusika na silaha ikajibu. Majibu yake yanastahili kusomwa polepole na kila mtu aliyewahi kupeleka malalamiko ya mradi wilayani. Kwanza, ilisema, vifaa vyetu ni vizuri sawa na vya Waingereza. Pili, kwa kuwa vifaa ni vizuri, kasoro lazima iwe kwa watu, na kuwafundisha watu ni jukumu la maafisa wa melini, si la ofisi hii. Tatu, jambo hilo la kulenga mfululizo haliwezekani kabisa.

Hilo la tatu halikusemwa hivihivi. Walifanya jaribio. Katika karakana ya jeshi mjini Washington waliufunga mzinga wa inchi 6 ardhini, wakakokotoa na kupima, wakathibitisha kwamba hata watu 5 hawana nguvu ya kutosha kuuzungusha kwa kasi ya kufuata meli inayolala nyuzi 5 katika sekunde 10. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ardhi. Juu ya nchi kavu mtu anaubeba uzito wote wa kuuanzisha na kuusimamisha mzinga, ilhali baharini mzinga wenyewe unataka kubaki ulipo wakati meli inazunguka chini yake, na mpigaji anausaidia tu ubaki. Mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani anaijua kanuni hiyo: miguu inapanda na kushuka kwenye mawe, ndoo imetulia. Wataalamu wa Washington walikuwa wameujaribu mradi wa bahari mahali pasipo na bahari, na jawabu walilolipata lilikuwa sahihi kwa mahali pale tu.

Sims akafanya kitendo ambacho luteni hapaswi kukifanya: mwaka 1901 alimwandikia Rais Theodore Roosevelt moja kwa moja. Roosevelt alikuwa amewahi kufanya kazi katika Wizara ya Majini na alipenda mambo ya manowari. Mwaka 1902 Sims akarudishwa nyumbani na kuwekwa kuwa mkaguzi wa mazoezi ya shabaha, kazi aliyoishika kwa miaka 6. Yale makombora 15 katika dakika moja niliyoyataja mwanzo yalipigwa wakati wake. Tunafurahi kwa ajili yake, ila tusisahau kwamba njia ya kawaida ya ofisi ilikuwa imeshindwa kabisa. Mradi uliookolewa kwa barua kwa Rais umeokoka kwa bahati, na miradi mingi haina mtu wa kuiandikia barua ya namna hiyo.

Uingereza nako Scott alipanda. Mwaka 1903 aliwekwa mkuu wa chuo kilekile cha Whale Island, na mwaka 1905 Admirali John Fisher, aliyekuwa akilibadilisha jeshi zima kwa nguvu, akamfanya mkaguzi wa mazoezi ya shabaha. Sasa kipimo kilikuwa mikononi mwake. Meli zote zilipiga kwa masharti yanayolingana, matokeo yakaandikwa na kulinganishwa, na nahodha ambaye mizinga yake ilikosa alijulikana kwa wenzake. Shabaha ya jeshi zima ikapanda mwaka hadi mwaka.

Lakini rangi haikuwa imeshindwa. Novemba 1907 Scott alikuwa na kikosi cha manowari, mwenyewe akiwa ndani ya HMS Good Hope, chini ya Admirali Lord Charles Beresford. Kaisari Wilhelm wa Ujerumani alikuwa anakuja kutembelea Uingereza, na Beresford akaagiza meli zirudi zipakwe rangi. Moja ya manowari za Scott, Roxburgh, ilikuwa katikati ya mazoezi ya mizinga na ikaomba iendelee. Scott aliijibu kwa maneno makali kwamba siku hizi inaonekana rangi inahitajika kuliko shabaha, kwa hiyo na irudi ijipambe. Beresford alipoyasikia maneno hayo alimwita, akamkemea, akalitangaza karipio hilo kwa kikosi kizima, na akaitaka Wizara ya Majini imwondoe. Wizara haikumwondoa, ila Scott alikuwa amejipatia adui mkubwa.

Sitaki kumtetea kupita kiasi. Scott alikuwa mtu wa maneno ya kuchoma, aliyependa kuonyesha kwamba wengine hawajui, na tabia hiyo ilimpunguzia marafiki pale alipowahitaji. Ipo hoja kwamba angenyamaza siku ile mradi wake uliofuata ungepita upesi. Inawezekana. Hata hivyo, jeshi linaloacha jambo la uhai na kifo lisimame kwa sababu ya ulimi wa mtu mmoja lina maradhi makubwa kuliko ulimi huo.

Mradi huo uliofuata ndio uliogharimu watu. Kadiri mizinga ilivyoongezeka ukubwa, vita vilitarajiwa kupiganwa kwa umbali mrefu zaidi, na huko mpiga mizinga aliyekaa chini ndani ya kibanda cha chuma cha mzinga haoni kitu kwa sababu ya moshi, maji yanayoruka na ukungu. Scott alitaka jicho moja juu ya mlingoti, penye hewa safi. Mtu mmoja angelenga kwa darubini kuu; umeme ungepeleka pembe zake kwenye mizinga yote; watu wa chini wangelinganisha mishale yao na ile iliyotoka juu; na kidole kimoja kingeipiga mizinga yote kwa pamoja. Wapinzani walisema waya zitakatika, mlingoti utaangushwa, na wapiga mizinga watavunjika moyo wakinyang'anywa kazi yao.

Kwa msaada wa Admirali John Jellicoe, kifaa kilifungwa na kujaribiwa ndani ya HMS Neptune mwaka 1911. Tarehe 13 Novemba 1912 ukafanywa mtihani wa haki katika ghuba ya Bantry, Ireland. Meli mbili zilizofanana, Thunderer yenye kifaa cha Scott na Orion isiyo nacho, zilipiga shabaha kwa umbali wa yadi 9,000 kwa dakika chache zilezile. Orion ilisifiwa kwa shabaha nzuri. Thunderer ilipata mara 6 zaidi yake.

Jaribio la namna hiyo lingetosha kumaliza maneno. Lakini Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, karibu miaka 2 baadaye, meli kubwa za Uingereza zilizokuwa zimefungwa kifaa hicho zilikuwa 8 tu. Tarehe 1 Novemba 1914 kikosi cha Admirali Cradock kilikutana na Wajerumani karibu na Coronel, pwani ya Chile, katika bahari chafu. Good Hope, meli ileile ambayo Scott aliiongoza mwaka 1907, haikuwa na kifaa hicho. Na mizinga yake ya sitaha za chini haikuweza kutumika kwa sababu mawimbi yaliingia ndani. Ilizama pamoja na Monmouth. Watu kama 1,600 walikufa, na hakuna hata mmoja aliyeokolewa kutoka meli hizo mbili. Sisemi kwamba kifaa peke yake kingewaokoa, kwa maana Wajerumani walikuwa na meli bora na wapigaji hodari. Ninachosema ni kwamba walipelekwa vitani na upungufu ambao wakubwa wao waliujua kwa tarakimu.

Kwetu Afrika Mashariki vita hiyohiyo ilitoa somo lake la utekelezaji, katika delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya mikoko. Manowari za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu kina cha maji kilikuwa kidogo. Ikabidi zivutwe kutoka Malta meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Mpango ulionekana umekamilika: meli zitaingia mtoni, ndege itaruka juu ya miti na kusema kombora limeanguka wapi. Tarehe 6 Julai 1915 zilipiga mamia ya makombora bila kuimaliza Königsberg, na Mersey ikapigwa na kupoteza watu. Kilichoharibu kazi ni jambo ambalo halikuonekana mezani: meli mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na mtu wa ndege hakuweza kujua kombora lipi ni la nani. Walirudi, wakakubaliana kwamba meli moja ipige na nyingine ingoje, na tarehe 11 Julai wakaingia tena. Ndege ilipigwa na kuanguka, lakini kabla ya kuanguka ilikuwa imekwisha wapa wapigaji masahihisho waliyoyahitaji. Siku hiyo Königsberg ikaishia mtoni, ikilipuliwa na nahodha wake Max Looff.

Scott hakuwepo Rufiji, ila njia yake ilikuwepo: jicho moja juu, mizinga chini inatii, na matokeo yanarekebishwa pigo kwa pigo. Siku 5 zilitosha kujifunza na kubadilisha, kwa sababu waliokosea tarehe 6 ndio haohao waliorudi tarehe 11, na hawakuhitaji ruhusa ya London kupanga upya zamu ya kupiga. Wajerumani nao walifanya yale ya Simon's Town. Waliiopoa mizinga 10 ya Königsberg, karakana ya Dar es Salaam ikaitengenezea magurudumu, na kamanda wao Lettow-Vorbeck akapigana nayo nchi kavu. Waliovuta mizinga hiyo nyikani na milimani walikuwa wapagazi Waafrika, kwa mamia, katika vita ambayo haikuwa yao. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, na ninawaomba walimu wanaowapeleka watoto pale wawataje wapagazi hao kabla ya kumtaja Looff.

Scott mwenyewe alikuwa amestaafu kabla ya vita kuanza. Tarehe 5 Juni 1914 gazeti la The Times lilichapisha barua yake iliyosema kwamba nyambizi na ndege zimeifanya manowari kubwa isiwe na kazi, na wengi walimwona amechanganyikiwa. Miezi michache baadaye nyambizi zilikuwa zikizizamisha manowari, naye akaitwa tena kazini. Septemba 1915 alikabidhiwa mizinga ya kuilinda London dhidi ya Zeppelin, meli za angani za Wajerumani. Tarehe 31 Mei 1916, katika vita ya Jutland, karibu meli kubwa zote za Jellicoe zilikuwa na kifaa chake. Siku hiyo hiyo HMS Defence ililipuka na kuzama na watu wake wote, na miongoni mwao alikuwa mwanawe, afisa mwanafunzi. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka mwaka 1919, kina hasira nyingi dhidi ya Wizara ya Majini. Nikikumbuka kijana huyo, siwezi kumwambia apunguze. Alifariki Oktoba 1924.

Nina ombi kwa wanaoandika mipango na wanaokagua miradi nchini kwetu. Mkienda kukagua kisima, nendeni kiangazi. Barabara ikagueni katikati ya masika, na zahanati ifikieni usiku. Mkifika, msisimame na mwenyekiti wa kamati peke yake. Mtafuteni mama anayefaulu pale ambapo wenzake wameshindwa, au fundi ambaye pampu yake haijafa, mkamtazame anavyofanya kazi. Tarakimu mtakazozipata ziandikeni palipo na jina la mwenye wajibu wa kuzijibu, pamoja na tarehe ya mwisho ya kujibu. Thunderer ilithibitisha ukweli wake Novemba 1912, na waliokufa Coronel walizama Novemba 1914.